Nyota ya Mwezi wa Saba

Kavuo alikuwa amekunja nguo zake na kuzikunjua tena mara nyingi mno, hadi baba yake, Papa Sikuli, akamwambia zingechakaa kabla hazijavaliwa.

"Acha ile valizi, mama," Papa Sikuli alisema kutoka sebuleni, akimwita mama kama alivyomwita tangu utotoni. "Avion ni ya siku ya posho. Leo ni siku ya Mungu. Unataka kuchosha valizi?"

"Najua, papa."

"Kama unajua, kaa."

Alikaa. Ndege ilikuwa ya Jumamosi, siku sita mbele. Chai haijapoa akasimama tena, akaenda dirishani, akatazama mteremko wa mtaa wao, Vulamba, na moshi wa majiko uliolala juu ya mabati, kisha akarudi kuhakikisha kwamba viatu vyake vya baridi vilikuwa bado ndani ya valizi. Vilikuwepo. Huko alikotaka kwenda, mwezi wa saba ni wakati wa baridi kali, na chumba cha darubini hakipashwi moto, kwa sababu hewa yenye joto huitikisa picha ya nyota.

Alikuwa amesoma fizikia Kinshasa, na kabla vita vya pili havijaanza alipata nafasi ya kufanya shahada ya udaktari katika kituo cha kuchunguza nyota huko Afrika ya Kusini, kwenye nyanda kavu ambako mvua haijulikani na watu ni wachache. Mwaka 2000 mama yake aliugua, naye akaja nyumbani Butembo kumuuguza. Mama alifariki. Walipomaliza kilio, vita vilikuwa vimeshafunga njia nyuma ya Kavuo. Tangu hapo alifundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari, akijitahidi kuwapenda wanafunzi wake, na kweli aliwapenda. Lakini mwili wake haukutulia. Alitembea darasani hadi watoto wakampa jina la Pendule, kama uzani wa saa ya ukutani unaoyumba bila kusimama.

Nyota yake haikuwa na jina, ilikuwa na namba tu. Kwa kweli zilikuwa nyota mbili zinazozungukana, moja kubwa nyekundu, nyingine ndogo nyeupe. Kila baada ya miaka minane ile kubwa hupita mbele ya ile ndogo na kuifunika. Siku chache kabla ya kuifunika, mwanga wa ile ndogo hupenya katika hewa ya ile kubwa, kama taa inayoonekana kupitia moshi wa jikoni, na mtu mwenye darubini anaweza kusoma katika mwanga huo hewa ya nyota imetengenezwa na nini. Jambo hilo lingetokea mwezi wa saba wa mwaka ule, 2001. Kazi yote ya udaktari wake ilisimama juu ya siku hizo chache. Kamati ya darubini ilikuwa imempa wiki mbili za usiku, na profesa wake alimtumia ujumbe ulio wazi: kama hatafika mwisho wa mwezi wa sita, usiku ule utapewa mtu mwingine. Baada ya hapo, ni kungoja hadi 2009.

Barabara ya Kasindi kuelekea Uganda haikupitika. Malori yalikuwa yamechomwa, na madereva wawili wa mtaa wa Kimemi hawakurudi. Ilibaki ndege ndogo iliyoruka kutoka Beni kwenda Entebbe kila Jumamosi. Ili kuipanda, raia wa Butembo alihitaji ruhusa yenye muhuri wa komanda wa waasi walioshika mji. Zorobabel, aliyesoma naye shule ya msingi na sasa alikuwa sekretari katika ofisi ya komanda, alikuwa amemwahidi: "Siku ya ine asubuhi, uje. Chef anapiga bacachets siku ya ine."

Alhamisi hiyohiyo kulikuwa na jambo jingine, na hilo Kavuo alilijua kabla ya mtu yeyote mjini. Mchana, baada ya saa nane, mwezi ungepita mbele ya jua. Kusini, Angola na Zambia, jua lingezimika kabisa. Butembo lingefunikwa karibu nusu tu. Mwanafunzi mmoja alimwambia kwa furaha kwamba ameshatayarisha kipande cha chupa ya bia cha kutazamia. Kavuo hakulala vizuri baada ya kusikia hivyo. Aliona macho ya watoto wote wa mji yakiungua kwa sababu ya chupa za bia. Basi aliandika tangazo, akalipeleka parokiani: kwamba jua litafunikwa kwa sehemu, kwamba si ishara ya kitu chochote kibaya, kwamba watu waje kwenye uwanja wa shule kuonyeshwa namna ya kulitazama bila kuumia, na kwamba wazazi wasioweza kuja wawaweke watoto wadogo ndani.

Jumapili ile, baada ya komunyo, katekista Muyisa alisimama kusoma matangazo. Muyisa alikuwa seremala wa mapaa, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, na nusu ya Vulamba ilikuwa imefundishwa naye komunyo ya kwanza. Alisoma ndoa. Alisoma mbuzi aliyepotea. Kisha akasema, "Siku ya ine, nyuma ya saa nane, jua itafunikwa. Bazazi, mushike batoto mu nyumba. Nimeisha."

Kavuo alimkimbilia nje.

"Papa Muyisa! Na ile ya uwanja? Na ile ya kusema si ishara mbaya?"

"Mwalimu, padiri anasema matangazo isipite dakika tano. Kulikuwa ndoa tatu na mbuzi. Ulitaka niache mbuzi?"

"Mais papa, macho ya batoto..."

"Si nimesema bashikwe mu nyumba? Mutoto mwenye kuwa mu nyumba anaangalia jua na nini, na kisigino?" Alicheka, akampigapiga begani. "Mbuzi ni ya mujane, mwalimu. Jua yenyewe haipotee."

Hakuweza kumkasirikia.

Alhamisi asubuhi Kavuo alishuka Kimemi kwa haraka, amevaa nguo ya kanisani. Barabara ya maduka ilikuwa na ukimya usio wa kawaida, lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa muhuri. Alipofika mbele ya duka la baba yake la misumari na taa za mafuta, alimkuta Papa Sikuli amesimama nje, ufunguo mkononi, mlango umefungwa.

"Papa, haufungui?"

"Vagheni hajafungua."

Mama Vagheni aliuza vitenge mlango wa pili, naye alifungua hata akiwa na malaria. Siku hiyo hakuja kwa sababu moja rahisi: shule zilikuwa zimewapa watoto ruhusa baada ya tangazo la kanisani, binti yake alikuwa Kayna akinunua maharagwe, na wajukuu hawakuwa na wa kuwaweka ndani. Basi alibaki nao. Lakini muuza sabuni alipouona mlango wa Vagheni, aliurudisha wake. Muuza betri alimwona muuza sabuni. Miaka ile, mji ulipotaka kuwaambia waasi kwamba umechoka na kodi na vijana kupotea, ulifunga maduka siku nzima, na siku hiyo watu waliiita ville morte, mji uliokufa. Hakuna aliyejua nani huanzisha. Ulikuwa ukiona mlango wa jirani umefungwa, huulizi, unafunga. Aliyefungua peke yake alikuta mawe mlangoni, na baadaye, jambo lililouma kuliko mawe, hakuna mteja aliyerudi kwake. Palikuwa na mzee mmoja wa mafuta ya mawese aliyewahi kufungua. Mwaka mzima watu walipita mbele yake kama wanapita mbele ya ukuta.

"Ni nani ameitisha?" Papa Sikuli aliuliza.

Kavuo alitazama barabara, mlango kwa mlango. Alianza kuelewa.

"Papa, nafikiri ni mimi," alisema, akaondoka karibu akikimbia.

Ofisi ya komanda ilikuwa wazi. Zorobabel alimpokea kwa kicheko chake cha shuleni.

"Pendule! Umekuja kuchukua cachet ao umekuja kutukamatia jua?"

"Zoro, leo usicheze. Chef eko?"

"Eko na kasirani. Ville imefungwa, na bakubwa bake banatoka Beni mangaribi ya leo. Banakuja kuona vile ville inafanya biashara." Alivuta karatasi ya Kavuo kutoka chini ya nyingine, akaiweka juu ya meza, akaweka muhuri pembeni yake. "Kaa pale. Nyamaza. Akipita, naweka mbele yake, anapiga, unaenda. Usimuonyeshe meno."

Alikaa kwenye ukingo wa benchi, karibu na meza. Karatasi ilikuwa na jina lake kamili, Kavuo Anne-Marie, na nafasi nyeupe chini. Aliitazama nafasi ile nyeupe, mahali pa muhuri.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Aliyeingia kwanza hakuwa komanda. Askari wawili walimsukuma ndani Muyisa. Shati lake lilikuwa limechanika begani na alikuwa na kiatu kimoja. Nyuma yao akaingia komanda, mtu mrefu asiyekuwa mzaliwa wa sehemu ile, mwenye Kiswahili kilichochanganyika na Lingala ya jeshini.

"Ni huyu? Ni wewe ulisema batu bafunge ville?"

"Nilisoma matangazo ku misa, chef," Muyisa alisema. "Ndoa tatu, mbuzi, na jua."

"Jua gani? Tika kuseka na ngai! Usinichekelee!"

Askari alimpiga kwa kitako cha bunduki mgongoni, naye akapiga magoti. Katika kuanguka kule macho yake yalipita juu ya Kavuo, hayakusimama. "Ni miye nilisoma," alirudia. "Kinywa ni yangu."

Kavuo alielewa kwamba hatamtaja. Chini ya meza kiatu cha Zorobabel kiligusa chake, kikakikanyaga taratibu: nyamaza. Muhuri ulikuwa pale. Angenyamaza tu kwa muda wa kusali Salamu Maria moja, na Jumamosi angekuwa Entebbe. Alifikiria mwanga wa nyota ndogo ukipenya katika hewa ya nyota kubwa. Aliupenda mwanga ule kwa moyo wake wote. Kisha akaona kwamba ameshasimama.

"Chef, yeye alisoma tu. Niliandika miye."

Zorobabel alifumba macho.

Alieleza yote: jua, macho ya watoto, uwanja wa shule, dakika tano za padiri, mama Vagheni na wajukuu wake. Alieleza kama mwalimu, akitembea hatua mbili huku na hatua mbili kule, hadi askari mmoja akamwambia asimame. Komanda alisikiliza hadi mwisho.

"Éclipse najua," alisema kwa utulivu uliomtisha Kavuo kuliko kelele. "Nilisomaka ku masomo. Jua yako, naamini. Itafunikwa, itafunuka. Ni maduka njo siamini." Akachukua karatasi ya Kavuo, akaisoma. "Unaenda kusoma manyota. Muzuri. Sikiliza, mwalimu. Ulifunga, donc utafungua. Maduka ikifunguka mbele ya bakubwa bafike, huyu anaenda kwake na wewe napiga cachet. Isipofunguka, huyu analala hapa. Noki noki, haraka, kwenda."

Kavuo alikimbia. Alipanda Vulamba, akamkuta Mama Vagheni uani na wajukuu wanne amewafungia jikoni ingawa ilikuwa bado asubuhi na jua halina neno. Alimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Wabukire, mama. Ninakuomba, uende ufungue duka."

"Na batoto?"

"Nitaita majirani. Mama, ukifungua wewe, bote watafungua. Walifunga juu yako."

"Juu yangu!" Mama Vagheni alishika kiuno, akacheka hadi wajukuu wakachungulia. "Kimemi yote imefunga juu ya Vagheni? Hata mume wangu hakuniheshimia vile!"

Kavuo akamwita jirani akae na watoto, Mama Vagheni akajifunga kitenge upya, akachukua funguo, wakashuka pamoja, Kavuo akimtangulia na kumngoja, akimtangulia na kumngoja. Barabarani watu walikuwa wamekaa mbele ya milango yao iliyofungwa, wengine kwenye viti, wengine kwenye mifuko mitupu. Walimwona Vagheni akija, na minong'ono ikapanda. Aliweka ufunguo kwenye kufuli.

"Mama Vagheni," muuza betri aliita, "haujasikia? Bamekamata Muyisa. Bamemupiga."

Mkono wa Vagheni ulisimama. Aligeuka polepole kumtazama Kavuo.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Mais ukifungua, banamwachilia. Komanda amesema."

"Komanda amesema," Vagheni alirudia, na mtu nyuma akacheka kicheko kikavu. "Na bale vijana ya mwezi wa ine, si alisema vilevile? Mufungue soko, batarudi. Tulifungua. Beko wapi?"



Mama Vagheni aliutoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake. "Asubuhi nilifunga juu ya batoto. Sasa ninafunga juu ya Muyisa. Aende amwambie." Akaketi kizingitini. "Yeye njo alifundishia mwana yangu komunyo, yule mwenye kufa. Sitafungua."

Kavuo aliona jambo likipita katika barabara ile kama upepo unavyopita katika majani ya mahindi: asubuhi walikuwa wamefunga bila kujua, sasa walijua.

Ndipo baba yake alipotoka miongoni mwao. Alikuwa amesikia habari ya muhuri. Butembo habari hazihitaji miguu. Alikwenda kwenye mlango wake wa bati, akaingiza ufunguo.

"Papa?"

"Nitafungua miye," Papa Sikuli alisema bila kumtazama. "Wataona mlango moja, komanda ataona umejaribu. Utaenda."

"Papa, hautauza tena hapa."

"Niko muzee. Nitauza nini tena? Misumari haiozi." Alijaribu kucheka. Ufunguo ukagongagonga kufuli. Watu wote walikuwa wakimtazama, wala hapakuwa na chuki katika macho yao, na hilo ndilo lililomuuma Kavuo. Walikuwa wakimtazama kama watu wanaomuaga.

Kavuo aliushika mkono wa baba yake kwa mikono yake miwili.

"Hapana, papa. Funga."

"Nyota yako, mama."

"Funga, nakuomba."

Akautoa ufunguo mwenyewe, akautia katika mfuko wa koti la baba yake, akakifunga kifungo cha mfuko kana kwamba anamvalisha mtoto. Kisha akarudi ofisini. Safari hii hakukimbia. Alitembea kwa miguu mizito, akijua anakwenda kusema nini.

"Hawafungui, chef," alimwambia komanda. "Beko barabarani, mbele ya milango, na funguo mukononi. Watafungua bakimuona Muyisa anatembea na miguu yake. Bakubwa bako wakifika mbele ya pale, watakuta ville yote imekaa chini, na kila mutu atawaambia sababu."

Komanda alimwacha amesimama mbele ya meza hadi saa nane ikapita. Zorobabel alikuwa akipanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Nje gari lilipiga honi, na komanda akageuza kichwa haraka. Halikuwa lile la wageni.

"Mumuache," aliwaambia askari. "Mumupe kiatu yake."

Kisha akachukua karatasi ya Kavuo. Hakuichana. Alimpa Zorobabel. "Weka mu tiroir. Huyu haendi fasi. Mutu anaweza kufunga ville na kuifungua, miye nataka kumuona kila siku."

Zorobabel alivuta droo. Kavuo aliitazama karatasi ikiingia, na nafasi yake nyeupe bado nyeupe. Alitaka kulia lakini hakukaa kungoja machozi. Alimshika Muyisa mkono wakatoka.

Muyisa alichechemea. Kiatu chake hakikupatikana, na yeye alikataa kukingoja. "Niliona maiti mingi yenye kungojea kiatu," alisema, akatema mate yenye damu. "Mwalimu, mara ingine uandike mufupi."

"Ndiyo, papa."

"Ningejua, ningeacha mbuzi."

Alicheka, kisha akashika mbavu zake, na Kavuo akacheka pia huku machozi yakimshuka. Walipoingia barabara ya Kimemi watu walisimama. Mama Vagheni alipiga kigelegele kimoja tu, kifupi, akageukia kufuli yake. Halafu milango ya bati ikaanza kufunguka, kwa Vagheni, kwa muuza sabuni, kwa muuza betri, kelele za chuma zikipanda mlima hadi sokoni. Katikati ya kelele zile mwanga ulianza kupungua. Ulikuwa mwanga wa ajabu, mwembamba, kama maziwa yaliyotiwa maji, na hewa ikapoa kidogo. Hakuna aliyeutambua. Kila mtu alikuwa akipanga bidhaa zake, akiitana, akimpa Muyisa maji, akimtafutia kiti. Butembo nzima hakuna jicho hata moja lililotazama juu.

Kavuo pekee aliona. Walikuwa wanapita chini ya mikaratusi, na vijidoa vya mwanga vilivyopenya kati ya majani vilianguka kwenye shati lililochanika la Muyisa, na kila kidoa kilikuwa picha ya jua lililomegwa, lenye umbo la mwezi mchanga. Miezi midogo mingi ilitembea mgongoni mwake, ikimfuata. Alitaka kumwambia mtu. Aliinua mkono, kisha akaushusha, maana Muyisa alikuwa akipanguswa damu.

Kesho yake askari walipita katika nyumba za wafanyabiashara wakachukua phonie zote, zile redio za masafa ambazo kwazo Butembo ilizungumza na Kampala. Hapakuwa tena na njia ya kumwambia profesa neno lolote. Kavuo hakungoja. Jumamosi alfajiri, kabla askari wa komanda hawajaamka, yeye na baba yake walipanda gari la viazi kwenda Beni, ambako phonie zilikuwa bado zinafanya kazi. Valizi aliichukua pia. Baba yake aliiona, akaipandisha juu ya viazi.

Kwanza walikwenda uwanja wa ndege. Kavuo alijua hatapanda, lakini hangeweza kuishi na nafsi yake bila kujaribu. Askari wa mlangoni alimwomba muhuri.

"Sina."

"Basi rudi, dada."

"Naweza kungoja hapa?"

"Ungoje nini?"

Alisimama kando ya uzio wa waya, akihamisha valizi mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Ndege ilikuwa ndogo kuliko alivyoifikiria. Ilipoinuka juu ya michikichi, vumbi lilimfunika, na Papa Sikuli alimpangusa uso kwa leso yake, polepole, kama alivyokuwa akimpangusa uji.

Nyumba ya phonie ilikuwa nyuma ya ghala la kahawa. Mwenyewe, Papa Kasika, alikuwa amezoea kutuma bei za maharagwe na salamu za harusi. Mshirika wake wa Kampala angepiga simu Afrika ya Kusini na kurudisha jibu. Kavuo alikuwa ametayarisha njiani maneno ya kuomba: mwambie anisubiri, mwambie wiki moja tu. Alifungua kinywa kuyasema. Lakini alijua hakuna wiki moja. Kamati ingemngoja bure hadi siku za mwisho, kisha usiku ule ungeangukia nyota ya mtu mwingine, na yake ingefunikwa na kufunuliwa bila jicho la mtu.

Kituoni kulikuwa na mwanafunzi mmoja Mzambia, kijana mpole ambaye Kavuo mwenyewe alimfundisha kutumia chombo cha kuchambua mwanga. Hakuwa bado na nyota yake.

"Papa Kasika, useme hivi. Usiku wangu wote bamupe ule Mzambia. Na nyota yangu pia."

"Nyota?" Papa Kasika aliondoa vifaa vya masikioni. "Mama, hapa tunatuma sukari. Unatuma nyota?"

"Ndiyo, papa. Aanze ku siku ya kwanza, asingoje mwanga ipunguke. Kila saa apime kwanza nyota ya jirani, yenye haibadilikake, halafu ile yetu, halafu jirani tena. Na kama mawingu inakuja, asifunge darubini, angoje."

Papa Kasika alilisema lote kwenye kipaza sauti, kwa makini, kama mtu anayebeba mayai. Kampala iliuliza mara mbili kama ni bei ya nini. Wakangoja. Kavuo hakuweza kukaa. Alizunguka magunia ya kahawa hadi Papa Sikuli akafumba macho kwa kizunguzungu.

Jibu lilipokuja lilikuwa limepita katika midomo mingi, lakini lilieleweka. "Profesa anasema asante," Papa Kasika alitafsiri, mkono mmoja sikioni. "Anasema yule Mzambia analia. Anasema pia, ujue, kazi itatoka na jina ya Mzambia. Yako itakuwa ndogo, chini."

"Najua."

"Anasema hiyo si haki."

"Mwambie mwanga isipotee tu. Ingine tutaona."

Papa Kasika alisema. Kulikuwa na mikwaruzo, kisha akacheka kidogo. "Anauliza kitu moja ya mwisho. Anauliza, wewe utafika lini?"

Kavuo alitazama nje. Barabara ya Kasindi ilianzia pale, nyekundu na tupu, na mbele ya ghala dereva mmoja alikuwa akibadilisha gurudumu.

"Mwambie niko njiani."

"Njiani?" Papa Kasika aligeuka kumtazama Papa Sikuli, kisha yeye. "Kama watu ya Butembo wanasemaka? Mutu anasema niko njiani, kumbe bado anatafuta soksi?"

"Sema vile, papa."

Alishachukua valizi. Papa Kasika bado alikuwa anasema kwenye kipaza sauti, na Kavuo alikuwa tayari uani, akimuuliza yule dereva anatoka wapi, amepita wapi, na wiki ijayo barabara ya kwenda Uganda itakuwaje.